TestDisk: sura ya mwaka 47, ila imerudisha tera mbili za harusi za watu

Wakuu, hii ni rivyu ya TestDisk, ile programu ya bure ya kurudisha patisheni (yale mafungu diski inayogawanywa) zilizofutika. Naanza na jibu ili mwenye haraka asihangaike kusoma mpaka chini: kama hadi diski yako ni nzima, haigongi wala hailii, na kilichoondoka ni jedwali la patisheni tu (ile orodha ya kila patisheni inapoanzia na urefu wake), yaani kuna mtu kafuta patisheni, au kaandika clean, amri ya kufuta jedwali, kwenye diskpart ya Windows huku kachagua diski siyo, au installa ya Windows imepita mahali haikutumwa, basi usimlipe mtu hata senti kabla hujaijaribu hii. Naipa nyota nne kati ya tano. Ile moja niliyoikata ntasema kwanini, na wala sio sababu ya sura, japo sura nayo jamani.

Kwa wasioifahamu, imeandikwa na Mfaransa anaitwa Christophe Grenier, chini ya jina la CGSecurity, leseni yake ni GPL, ile ya programu huria, so ni bure ya kweli, sio ile bure ya kukuonyesha mafaili yako yote yamejipanga vizuri alaf ukibonyeza rudisha inaomba kadi ya benki. Toleo ninalotumia ni 7.2 la Februari 2024, lililotangulia ni 7.1 la Julai 2019, kwaiyo sio programu ya kukusumbua na apdeti kila wiki. Inapiga kazi kwenye Windows, Linux, Mac, mpaka DOS kwa wenye makumbusho nyumbani. Kwenye Windows unadaunlodi zipu, unaifungua, unaendesha testdisk_win kama administreta, basi, hamna kuinstoo. Hilo la kutokuinstoo ni kubwa kuliko linavyoonekana maana unaiweka kwenye flashi na huandiki chochote kwenye diski yenye msiba. Ubuntu ni apt install testdisk, na ukiwa na flashi ya SystemRescue au GParted Live imo humo humo. Inakuja na ndugu yake PhotoRec, ambaye ntamsema vibaya kidogo huko chini ingawa mwenyewe hana kosa.

Nimeitumia kwenye mashine nyingi ila ntaeleza kwa hii ya karibuni maana ina kila kitu ndani yake. Kuna dada ana studio ya picha na video za harusi huku Mbagala, kompyuta yake ya kuediti ina SSD ya Windows na hadi diski ya tera mbili ya kazi. Kijana wake akawa anapiga Windows upya. Sasa ile skrini ya installa inayoorodhesha Drive 0 na Drive 1, vijana wengi wamezoea SSD ndo Drive 0, ila namba zile zinafuata nyaya za SATA zilivyochomekwa kwenye madabodi na sio mazoea ya mtu, na kwenye mashine hii zilikuwa kinyume. Akafuta patisheni ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka ikabaki mstari mmoja tu umeandikwa Unallocated Space. Bahati ni kwamba pembeni ya huo mstari kulikuwa na 1863 GB, akashtuka kuwa SSD yao haina ukubwa huo, akaacha pale pale, hakubonyeza Next. Hiyo kuacha pale pale ndo imeokoa biashara, sio mimi wala TestDisk.

Alipofika kwangu alishapita kwa fundi mmoja mjini ambaye alimwambia mafaili "yameondoka", anaweza kurudisha labda nusu, majina hayatakuwepo, na bei ilikuwa ya kukaa chini kwanza. Hapa ndo huwa nachoka. Majina yalikuwepo, folda zilikuwepo, tarehe zilikuwepo, kila kitu kilikuwa kimekaa mahali pake. Ukifuta jedwali la patisheni ni kama umeng'oa vibao vya namba za nyumba mtaani, hakuna nyumba iliyohama.

Tuangalie kidogo ukubwa wa hicho kilichofutwa, maana watu wakisikia tera mbili wanadhani kimepotea kitu cha tera mbili. Diski za MBR, mtindo wa zamani wa jedwali, jedwali zima liko sekta ya kwanza kabisa (sekta ni kipande kidogo cha diski), baiti 512, na ndani ya hizo jedwali lenyewe ni baiti 64 tu, nafasi nne za baiti 16 kila moja, alaf mwishoni alama ya 55 AA. Diski za GPT, mtindo mpya, zimejaza zaidi, sekta ya 1 (kuhesabu kunaanzia 0) ina kichwa kinachoanza na herufi EFI PART, alaf sekta ya 2 mpaka ya 33 ni nafasi 128 za patisheni, kila nafasi baiti 128, ukizidisha unapata kilobaiti 16. Picha moja ya WhatsApp inaizidi hiyo mara kadhaa. Na GPT inaweka nakala ya hilo jedwali mwisho wa diski, ndo maana kuna watu watakwambia "GPT inajirudisha yenyewe". Inategemea. Kama mtu kaharibu mwanzo wa diski tu, mfano kaiandikia ISO (faili la kuinstoo mfumo) kwa programu ya dd akakatisha mapema, ile nakala ya mwisho iko salama na programu ya gdisk inaisoma, unaingia kwa r, unabonyeza b, unaandika kwa w, ingawa hata hapo kilichofunikwa na ISO kimefunikwa. Ila ukifuta patisheni kwa njia halali, kwa installa au kwa Disk Management, mfumo unafuta kotekote, mwanzo na mwisho, kwa uaminifu kabisa. Kesi ya huyu dada ilikuwa hiyo, nakala ya mwisho nayo ilikuwa tupu. Clean ya diskpart nayo inaondoka na zote mbili.

Sasa TestDisk inajuaje? Haisomi jedwali, inatembea kwenye diski kutafuta alama ambazo mifumo ya mafaili inaziacha yenyewe. NTFS, mfumo wa mafaili wa Windows, kila patisheni ina sekta yake ya mwanzo iliyoandikwa NTFS pamoja na idadi ya sekta zote za patisheni hiyo, na nakala ya hiyo sekta inawekwa kwenye sekta ya mwisho kabisa ya patisheni. FAT32, ya flashi na kadi, nakala iko sekta ya 6. Ext4 ya Linux ina superbloku yake (maelezo yake makuu) baiti 1024 kutoka mwanzo na nakala nyingine zimesambaa ndani. Ukishapata mwanzo na urefu, umeshapata mstari wa jedwali, ni hesabu ya kujumlisha tu. Kijana mmoja aliyekuwa ananiangalia alisema "kumbe haina uchawi", na kweli haina.

Haya tuje kwenye kuitumia. Ukiifungua unakutana na skrini nyeusi na maandishi meupe, mausi haifanyi kazi, ni vishale na Enter tu. Dada akaangalia, akaniuliza, "Kaka, hii ndo programu yenyewe au bado inawaka?" Nikamwambia ndo yenyewe dada, haitabadilika. Inaanza kukuuliza habari za logi, chagua Create, utaihitaji ukikwama na unataka kumuuliza mtu. Inafuata orodha ya diski, na hapa macho, chagua kwa jina la modeli na ukubwa, usichague kwa namba, maana namba ndo zimetufikisha hapa. Yake ilisoma 2000 GB / 1863 GiB.

Alaf inauliza aina ya jedwali: Intel (ndo inavyoiita MBR), EFI GPT, Mac, None na nyingine ambazo hautakaa uzihitaji maishani, kuna hadi Xbox. Chini inakupa dokezo la ilichokiona. Kwa diski yake dokezo lilisema EFI GPT kwa sababu installa ilifuta patisheni ikaacha ganda la GPT. Ila kama ni clean imepita, dokezo linaweza kusema None, na watu wengi wanafuata, wanachagua None, programu inaichukulia diski nzima kama haina patisheni na kazi inaharibika hapo. None sio "sijui". Jiulize diski ilikuwa nini kabla ya ajali. Inazidi tera mbili? Ni GPT karibu kwa uhakika, MBR yenye sekta za baiti 512 haivuki 2 TiB. Ni diski ya Windows ya kwenye mashine ya UEFI, yaani ya kisasa? GPT. Ni flashi au kadi ya kamera? Hapo Intel.

Analyse, Quick Search, Enter. Hadi diski ikaanza kunguruma taratibu na silinda zikawa zinahesabika kwenye kona ya juu. Chai haijapoa ikaleta majibu: patisheni ya MS Data inayoanzia sekta 32768, yaani megabaiti 16 kutoka mwanzo, ambapo ndipo Windows 10 inapoanzishia data kwenye diski ya GPT baada ya ile patisheni yake ndogo ya MS Reserved, nyingine ya MS Data inayoanzia katikati ya diski, na ya tatu ya gigabaiti mia tano hivi iliyolala juu ya hizo mbili. Chini imeandikwa Structure: Bad.

Wengi wanaachia hapa, wanaona Bad wanajua diski imekufa. Hiyo Bad inamaanisha tu kwamba orodha ulivyoiacha ina patisheni zinazokanyagana, haiwezekani zote ziwepo kwa pamoja. Ile ya tatu ni mzimu, diski iliwahi kugawanywa vingine huko nyuma na ile sekta ya mwanzo ya patisheni ya zamani haikuwahi kufunikwa. Unajuaje nani mzimu na nani mzima? Herufi P. Unasimama juu ya patisheni unabonyeza P inakufungulia mafaili ya ndani bila kuandika chochote kwenye diski. Nikaanza na ile ya mia tano, ikajibu haiwezi kufungua mfumo wa mafaili, umeharibika. Nikarudi kwa Q, nikashuka kwenye ya katikati, P.

Skrini ikajaa. Folda moja kila mstari, tarehe kushoto, jina kulia: sendofu, kicheni pati, harusi za Kanisani, nikahi, kipaimara, jina la bibi harusi na la bwana harusi yameunganishwa na mstari wa chini, mengine yamekosewa spelingi kama alivyoyaandika mwenyewe. Dada alikuwa amesimama nyuma yangu kimya, akaninyang'anya kibodi. "Hebu shuka chini, ya Jumamosi ipo?" Ikawepo. Akaingia ndani, klipu zote za kamera mbili zipo, sauti ya MC ipo, namba za mafaili zinafuatana bila kuruka. Bado hatujarudisha chochote, hapo ni kuangalia tu.

Na hapa ndo nataka nisisitize kuliko sehemu nyingine yoyote ya hii rivyu. Video karibu zote za maelekezo mtandaoni zinaenda moja kwa moja kwenye Write, andika jedwali, washa upya, shangilia. Mi sifanyi hivo na nashauri usifanye. Ukiwa bado kwenye hiyo orodha ya mafaili una uwezo wa kunakili. Unabonyeza nukta pacha kwenye folda unazozitaka zinawekewa alama, au a kwa zote, alaf C kubwa, unachagua folda kwenye diski nyingine, C tena. c ndogo inanakili ile moja uliyosimama juu yake. Tuliazima diski ya tera mbili, tukaanza na kazi ambazo wateja hawajakabidhiwa, kisha zilizobaki, zikapita usiku kucha. Asubuhi kuna mstari wa kijani unasema Copy done! na idadi ya zilizofanikiwa na failed sifuri. Baada ya hapo hata jedwali likiandikwa vibaya, hata umeme ukikatika katikati, hata diski ikiamua kustaafu, mafaili yako sehemu nyingine. Ndo tukarudi kwenye orodha, mzimu nikaupa hali ya D (Deleted, imefutwa), zile mbili zikabaki na hali ya P (Primary, ipo), ile Bad ikageuka Ok, Enter, Write, Y, inakwambia uwashe upya. Windows ilivyowaka patisheni zote mbili zikatokea na herufi zake kama vile hakuna kilichotokea, na ile diski ya kuazima ikawa ni bekapu ambayo studio haikuwahi kuwa nayo.

Sasa ile nyota. Kwenye skrini za TestDisk zenye vitufe vya chini, Quick Search, Deeper Search, Write na kadhalika, kishale cha kulia na kushoto ndo vinakutembeza kwenye vitufe hivyo. Ila kwenye ile skrini ya matokeo, ambayo ndo ya hatari kuliko zote, vishale hivyo hivyo vinabadilisha hali ya patisheni, P inakuwa D, D inakuwa P, na kwenye MBR zinazunguka alama ya nyota (patisheni ya kuwashia), P, L (Logical), na D. Mtu anasaka kitufe kwa kishale cha kulia kama alivyozoeshwa na skrini zilizopita, kumbe anaifuta patisheni yake, haioni kwa sababu mabadiliko ni herufi moja mwanzoni mwa mstari, anabonyeza Enter, Write. Data haipotei kwa hilo, unaweza kurudia kutafuta, lakini mtu aliyekuja na presha yake tayari unamuongezea nyingine. Programu ya miaka yote hii, huo mtego ungekuwa umeshaondolewa. Pia haiweki nakala ya jedwali lililopo kabla ya kuandika jipya mpaka wewe mwenyewe uchague Backup kwenye ile skrini ya Analyse, ambayo inaandika faili la backup.log na baadae unalirudisha kwa L. Ningependa iwe inafanya yenyewe.

Deeper Search usiikimbilie. Quick Search ikikosa patisheni ndo unaenda huko, na ujue muda. Diski ya tera mbili inayosoma megabaiti 120 kwa sekunde, kuisoma yote tu ni masaa manne na nusu, na ukiwa umeichomeka kwenye keji (boksi la nje la diski) ya USB 2 inayotoa megabaiti thelathini na kitu hapo ni kulala na kuamka bado inahesabu. Ichomeke SATA moja kwa moja kama unaweza. Ila kuna kitu hapo hapo cha kuangalia: zipo keji na diski za nje ambazo zinaiambia kompyuta kuwa sekta ni za baiti 4096 wakati diski ndani inajionyesha kwa 512. Diski iliyofomatiwa ndani ya keji ya namna hiyo ukiitoa ukaichomeka kwenye SATA, Windows inasema haina patisheni, mtu anadhani imefutika. Haijafutika, irudishe kwenye keji yake uone. Na TestDisk ikikwambia hadi diski inaonekana ndogo mno, usilazimishe, maana yake imepata patisheni inayoishia nje ya mwisho wa diski, na mara nyingi ama ni mzimu ama keji inadanganya ukubwa.

Kuhusu PhotoRec. Huyu haangalii patisheni wala majina, anatafuta mwanzo wa mafaili yenyewe, mfano JPEG inaanza na FF D8 FF, akiiona anakata kipande anakiita f na tarakimu nyingi, anatupa kwenye folda za recup_dir. Anajua aina zaidi ya 480 za mafaili na kwa kadi ya kamera iliyofomatiwa ni mkombozi wa kweli kweli. Tatizo ni mafundi wanaomfanya dawa ya kila ugonjwa. Unamletea diski iliyofutwa jedwali tu, folda zote zipo, yeye anakupitishia PhotoRec au mwenzake wa kulipia aliyekrakiwa, anakurudishia maelfu ya mafaili yasiyo na majina, picha za harusi zimechanganyika na ikoni za Windows na vipande vya matangazo vya brauza, video ndefu zilizokuwa zimekatika vipande vipande hazichezi, alaf anahesabu gigabaiti anakutoza. Ukienda kwa fundi muulize swali moja tu, umejaribu kurudisha patisheni kwanza? Akikunja uso, chukua diski yako.

Ukitaka kitu chenye madirisha na mausi, DMDE nayo nimeitumia, inatafuta patisheni vizuri na toleo lake la bure linakuruhusu kurudisha mafaili mpaka 4000 kutoka folda uliyoifungua kwa kila mara, kwa mtu wa nyaraka za ofisi inatosha. Kwa klipu za studio utabonyeza sana. Na wenye Mac mjue TestDisk inaitambua patisheni ya HFS+ na inaweza kuirudisha kwenye jedwali ila haitakuorodheshea mafaili ya ndani, so ile raha ya P na C huipati.

Inaposhindwa. Kwanza, ukishafomati juu yake. Windows ikikuletea kile kidirisha cha "lazima ufomati diski kabla ya kuitumia" bonyeza Cancel, tena na tena, hata kikija mara kumi. NTFS kwa kawaida inaweka orodha yake kuu ya mafaili, MFT, kwenye klasta (fungu la sekta) ya 786432, ambayo kwa klasta za kilobaiti 4 ni gigabaiti 3 ndani ya patisheni. Ukifomati upya patisheni inayoanzia pale pale, orodha mpya inakaa juu ya mwanzo wa orodha ya zamani, mahali pale pale. Kufomati haraka hakugusi video zako ila kunagusa hicho kilichokuwa kinajua video zako zinaitwaje. Kile kidirisha kingine cha Initialize Disk madhara yake ni madogo maana kinaandika jedwali jipya tupu tu, ila nacho cha nini, Cancel.

Pili, SSD. Kwenye SSD kufuta jedwali peke yake mara nyingi bado kunarudi, ila mtu akishafomati, Windows inatuma TRIM, amri ya kuiambia SSD kuwa data haihitajiki tena, kwa eneo lote, mkfs.ext4, amri ya kufomati ya Linux, nayo inafanya hivo hivo bila kuulizwa, na SSD ikishapokea, sehemu hizo ukizisoma kwa kawaida zinarudi sifuri. TestDisk itatembea mpaka kesho. Sio kosa lake na wala maabara ya Ulaya haitakusaidia sana hapo, kwaiyo kwa SSD ile kuacha pale pale ni mara mbili, zima mashine.

Linux kuna kisa kimoja cha kupendeza ambacho hakihitaji hata TestDisk: ukiwa umeharibu jedwali la diski ambayo mfumo wenyewe bado unawaka juu yake, usizime. Kerneli, kiini cha Linux, bado inalikumbuka jedwali la zamani kwenye ramu. Fungua /sys/block/sda/sda1/start na /sys/block/sda/sda1/size, rudia kwa kila patisheni, andika namba hizo kwenye karatasi, hizo ndo mwanzo na urefu kwa sekta, unaziandika upya kwa sfdisk au fdisk. Ukishazima, umeipoteza hiyo nafasi na unarudi kwenye kutafuta kama wengine.

Na kama diski inagonga, tak tak tak, au Quick Search inakwama na kuandika Read error kila silinda, toka. Hiyo sio kazi ya TestDisk kwenye diski yenyewe. Nakili kwanza diski nzima kwa GNU ddrescue kwenda kwenye diski au faili kubwa, mpe na faili la ramani ili umeme ukikatika aendelee alipoishia, alaf TestDisk unaielekeza kwenye ile nakala, inakubali faili la imeji kama inavyokubali diski, unaandika testdisk na jina la faili. Ikigoma hata kwa ddrescue, hapo ndo pa kutoa hela, na umpe mtu mwenye vifaa vya kufungua diski, sio wa kuifungua kwa bisibisi mezani.

Yule dada alitaka kujua alipe nini kwa programu. Hailipiwi, ila ukurasa wa mwandishi una sehemu ya kuchangia, akatuma kidogo kwa kadi yake. Mimi aliniachia soda na bei ya kawaida ya ufundi. Kijana wake bado yupo kazini, siku hizi akitaka kupiga Windows anachomoa waya wa SATA wa ile tera mbili kwanza.